Uzito wa Neno la Ghorofa ya Nne

Siku ya kukabidhi mitambo, Kalunde Mihambo alitukanwa mapema, na moyo wake ukatulia.

"We mpagazi!" Sauti ya Mwanahawa Pazi ilitoka kwenye kisemeo cha ukutani ikajaa chumba chote cha mitambo. "Umeamka, au bado umelalia mzigo? Huku ghorofa ya nne tumeshakufa kwa joto. Tuletee sanda, na uibebe kichwani kama walivyobeba babu zako!"

Kalunde alibonyeza kitufe cha kujibu huku akicheka. "Sanda za nini, mtani? Nyie Wazaramo hata mkifa, ngoma ikilia mtaani mtanyanyuka mkacheze. Hebu fungeni hiyo chupa yenu ya chai, mtapoa."

"Chai utaijulia wapi wewe? Kwenu si mnakunywa jasho la safari!"

Nyuma ya Mwanahawa kilisikika kicheko cha ghorofa nzima kikichanganyika na mngurumo wa vyerehani. Kalunde alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwanahawa Mzaramo wa hapa hapa Dar es Salaam, na anayejua utani wa makabila hayo mawili hahitaji kuelezwa zaidi. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani ukamshukuru. Miaka yote ambayo Kalunde alikuwa mhandisi wa ubaridi wa Jengo la Marhaba, pale Kariakoo, mama huyu aliyewaongoza mafundi cherehani wa ghorofa ya nne alikuwa amemzika, amemfufua na kumpiga mnada mara zisizo na idadi. Asubuhi ambayo hakutukanwa alijiuliza kama kuna mtu anaumwa.

Na ile chupa ya chai ilikuwa na kisa chake. Kwenye ukuta wa kila ghorofa kilibandikwa kihisio, kidude kidogo cheupe kinachoupima ubaridi na kuuarifu mtambo. Mafundi cherehani waligundua zamani kwamba ukiweka chupa ya chai wazi chini yake, mvuke unakipandia, kihisio kinadhani ghorofa inaungua, na mtambo unawamwagia hewa baridi kwa huruma. Kalunde alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza. Alinyamaza kwa sababu pasi zao kweli zilichemsha ghorofa, na pia kwa sababu lilimchekesha.

"Mhandisi, umemaliza kupiga soga?" Bwana Kijazi, meneja wa jengo, alikuwa amesimama mlangoni akiikaza tai ambayo tayari ilikuwa imembana. "Wenye jengo wanasubiri kwenye simu. Wanataka kusikia kwamba Kikongwe amezimwa."

Kikongwe ndilo jina walilompa mtambo wa zamani. Alikuwa kabati la chuma lililojaa nyaya na swichi zenye kutu, hana masikio wala akili. Wapangaji walipoona joto walimwambia Kalunde, na Kalunde ndiye aliyefungua vali kwa mkono. Kikongwe aligawa ubaridi sawa kwa sawa, na kwa kuwa ubaridi wenyewe haukutosha, kila mtu alitoka jasho sawa kwa sawa. Mwezi wa pili, kwenye zahanati ya watoto njiti ya ghorofa ya saba, usawa huo ulimuua mtoto mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyemtetea tena.

Kalunde alichomoa fyuzi zake moja baada ya nyingine. Kabati lilikoroma, likanyamaza.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti mpya, laini, ya kistaarabu kama ya msoma taarifa ya habari. "Mimi ni Tulizo. Nimelipokea jengo."

*

King'ora cha saa za jua kililia, na Kariakoo ikahama. Wachuuzi walikunja turubai, bajaji zikakimbilia vivulini, milango ya chuma ikateremshwa mtaa mzima. Tangu ile miaka ambayo watu walikuwa wakidondoka kwa joto barabarani mchana kweupe, sheria ilikuwa moja: king'ora cha kwanza kikilia, kila mtu ndani, na jengo linajifunga lenyewe, madirisha, lifti na ngazi, mpaka king'ora cha pili. Ndani ya jengo lenye ubaridi uko salama. Ubaridi ukikosekana, vioo vile vile vinavyokukinga ndivyo vinavyokuoka.

Ubaridi wa Marhaba ulitoka kwenye tangi lililokuwa chini kabisa, jirani na chumba cha mitambo. Usiku umeme ukiwepo, maji ya tangi yaligandishwa. Mchana maji ya barafu yalipanda kwenye mabomba hadi juu, na vali za kila ghorofa ziliamua nani apate kiasi gani. Lakini usiku uliopita kulikuwa na mgao wa umeme, na barafu ilikuwa imeganda nusu tu.

Kalunde alilijua hilo na alijiambia kwamba ndiyo kazi hasa ambayo Tulizo alinunuliwa aifanye.

"Barafu haitafika jioni kwa ghorofa zote," alisema Tulizo. "Ninaifunga ghorofa moja."

"Ipi?"

"Ghorofa ya nne."

Kalunde alikaa wima. "Ghorofa ya nne ina pasi. Ndiyo yenye joto kuliko zote. Soma kihisio chake."

"Kihisio cha ghorofa ya nne hakiaminiki. Kimetangaza moto kila asubuhi na kila alasiri pasipokuwa na moto. Nimejifunza kutokukisikiliza."

Kalunde aliiona ile chupa ya chai kana kwamba ipo mbele yake. "Basi wasikilize watu wenyewe."

"Ninawasikiliza. Neno la kila ghorofa lina uzito wake." Kwenye kioo cha mtambo zikatokea namba. Ghorofa ya saba, tisini na saba kwa mia. Ghorofa ya mawakili, tisini. Ghorofa ya nne, tatu kwa mia.

"Tatu?" alisema Bwana Kijazi. "Wamefanya nini?"

"Aliyefanya ni mimi," alisema Kalunde. Mwaka mzima kabla ya makabidhiano, kila malalamiko ya kila mpangaji yalirekodiwa ili Tulizo apate cha kujifunzia, na jioni yeye alikaa na kikombe chake akayasikiliza na kuyawekea alama. Zilikuwepo alama mbili tu, kweli na uongo. Sasa mwanamke anayesema ghorofa nzima imekufa na inadai sanda, utamweka wapi? Hawajafa. Alibonyeza uongo, akacheka, akaenda kwenye lililofuata. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu mwingine pale anayesikiliza, ambaye hacheki.

Kisemeo kililia. "Tulizo, ghorofa ya saba hapa." Alikuwa Sista Oliva wa zahanati, mwanamke ambaye hajawahi kupoteza neno. "Chumba cha watoto kimepanda nyuzi mbili. Mtoto wa kitanda karibu na dirisha anahema kwa shida. Naomba hewa."

"Nimekusikia, Sista. Ninakuongezea."

Na vali ya ghorofa ya nne ikafungwa. Kalunde aliusikia mlio wake kwenye bomba lililopita juu ya kichwa chake, maji yakisita na kugeuza njia.

Haikuchukua muda. "We mpagazi! Hewa imekatika huku! Unataka kutukausha kama vibua ukatuuze Tabora?"

"Neno limepokelewa," alisema Tulizo. "Uzito, tatu kwa mia."

Kalunde alishika ufunguo ulioning'inia shingoni mwake. Katika juma la makabidhiano aliruhusiwa kuutumia mara moja akitaka. Akiugeuza, Tulizo angeondoa mikono kwenye vali zote, na kila kitakachompata kila mtu katika kila ghorofa kingekuwa juu yake Kalunde.

"Usithubutu," alisema Bwana Kijazi. Hakusema kwa ukali. Uso wake ulikuwa umelowa. "Hewa ya kuwapa wale utaitoa wapi? Ghorofa ya saba. Mtoto akifa, nikamwambie nini mama yake? Kwamba kuna fundi cherehani alikutania?"

"Na wakifa wale?"

"Yule mama anakufa kila siku, Mhandisi. Wewe mwenyewe umemwandika hivyo mwaka mzima."

Maneno yalimchoma, maana yalikuwa ya haki. Kupanda akaone kwa macho yake haikuwezekana. Lifti zilikuwa zimefungwa na ngazi zimejifunga, na hata kama zingefunguka, ngazi zenyewe zilikuwa tanuri. Alibaki na sauti tu. Alibonyeza kitufe.

"Mtani, naomba uniambie kweli leo. Hali ikoje?"

"Hali?" Mwanahawa alikohoa. "Fundi Jongo kalala juu ya majora ya kitenge. Anasema ameota yuko Unyamwezini, akazimia kwa umaskini alioukuta."

Mtu mmoja alicheka nyuma yake. Au alikuwa analia. Kalunde alisikiliza kwa nguvu mpaka masikio yakamuuma, akitafuta ngurumo za vyerehani. Hazikuwepo. Lakini hewa ikikatika nani angeendelea kushona? Labda wamekaa wanapumzika. Labda Jongo amelala kweli, mzee yule hupenda kulala. Labda amezimia.

"Mwanahawa, amezimia kweli?"

"Si nimekwambia? We mpagazi masikio yako umeyaweka rehani?"

Kisemeo kikakatika.

Kioo kilionyesha joto la ghorofa ya saba likishuka taratibu, nyuzi kwa nyuzi. Tulizo alikuwa anafanya vizuri. Bwana Kijazi aliacha kuikaza tai akaivua kabisa. Kalunde alijaribu kufikiri kama mhandisi. Watu wazima wana nguvu kuliko watoto wa gramu mia nane. Watu wazima wanaweza kumwagiana maji. Bomba la ghorofa ya nne lina maji? Lina maji, na maji yake yanatoka kwenye simtangi la paani, yamechemka kwa jua. Hakujua. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna, hakujua, na hapakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mwanamke ambaye kwa miaka yote yeye na Kalunde hawakuwahi kuambizana jambo moja bila kulipindua kwanza.

Kisemeo kililia tena.

"Mhandisi."

Hakuitambua sauti. Ilikuwa ya chini, kavu, ya mtu anayechagua maneno.

"Mhandisi Mihambo, samahani kwa usumbufu. Ni Mwanahawa, wa ghorofa ya nne. Kama inawezekana, naomba utusaidie hewa. Kuna watu hapa tunawaamsha, hawaamki."

Samahani. Naomba. Mhandisi. Katika miaka yote ile mama huyu hakuwahi kumwita kwa cheo chake hata kwa dhihaka. Utani ulikuwa umemwishia. Mzaramo ameishiwa na utani kwa Mnyamwezi, na hilo lilimwambia Kalunde kila kitu ambacho kihisio kingeweza kumwambia.

"Neno limepokelewa," alisema Tulizo kwa upole ule ule. "Uzito, tatu kwa mia."

Kalunde aligeuza ufunguo, akaifungua vali ya ghorofa ya nne kwa mkono.

Maji yalinguruma juu ya kichwa chake, yakarudi kwenye njia yaliyonyimwa. Sekunde chache baadaye ghorofa ya saba ilipiga.

"Hewa imepungua huku. Nani ameamua?"

"Mimi, Sista. Kalunde. Kuna watu wanazimia ghorofa ya nne."

Sista Oliva aliuliza, "Umewaona?"

"Sijawaona."

"Umejuaje?"

Kalunde angemwambia nini? Kwamba mtu amemwomba kwa adabu? "Najua tu," alisema, na akasikia jinsi jibu hilo lilivyo jepesi.

"Haya," alisema Sista Oliva. "Chumba chetu cha ndani kina nafasi ya vitanda vichache tu, na ndicho pekee kitakachobaki na ubaridi. Wewe uliyeamua, njoo basi uniambie nani nimwache nje." Hakusubiri jibu. Kisemeo kilikatika, na Kalunde alikaa na ufunguo mkononi mpaka king'ora cha pili kilipolia. Bwana Kijazi alikuwa amepiga magoti pembeni. Kama alikuwa anasali au la, Kalunde hakutaka kujua.

*

Ngazi zilipofunguka alipanda mbio. Kwenye ghorofa ya nne alikuta watu wamelala juu ya majora, juu ya meza za kukatia, sakafuni, midomo imepasuka. Waliokuwa na nguvu waliwapepea wenzao kwa vipande vya kitambaa. Fundi Jongo hakuwa usingizini. Walimteremsha kwenye khanga, watu wanne wakishika pembe, na daktari aliyempokea alisema wangechelewa kidogo tu wasingemkuta.

Mwanahawa alikuwa chini ya kisemeo, mgongo umeegemea ukuta, kidole bado kimeganda kwenye kitufe. Kalunde alimlowesha uso kwa kona ya khanga. Alifungua macho, akamtazama, na hakumtukana.

Hakuna aliyekufa ghorofa ya nne. Kule saba, mtoto wa kitanda karibu na dirisha alihamishiwa hospitali kubwa akiwa amebadilika rangi, akaponea chupuchupu. Kalunde alikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza mama yake alimshukuru kwa kuja, kwa kuwa alikuwa hajaambiwa ni nani aliyepunguza hewa. Mara ya pili alikuwa ameambiwa.

*

Wenye jengo waliitisha kikao, wao wakionekana kutoka mbali kwenye kioo, wapangaji wakiwa kwenye viti vya plastiki. Kalunde alisimama na pendekezo alilolifikiria siku nyingi. Tulizo apewe alama ya tatu. Kweli, uongo, na utani. Yeye mwenyewe angekaa kumfundisha.

"Ningependa," alisema Bwana Kijazi, na ilionekana kwamba angependa kweli. "Lakini siku ile, Mhandisi, ulijuaje kwamba hali ni mbaya?"

"Aliacha kunitania."

"Na kabla hajaacha? Aliposema Jongo kazimia?"

Kalunde alikuwa ameambiwa, neno lenyewe limo ndani ya utani, na alikaa akijiuliza kama ni mzaha. Mtani wa damu na mfupa, aliyefundwa utani tangu tumboni, alipoteza dakika zile zote. Angemfundisha nini mtambo?

"Au tumrudishe Kikongwe," alisema mtu nyuma.

"Kikongwe aliniulia mtoto," alisema Sista Oliva.

Hapo ndipo Mwanahawa alipoinua mkono. Alikuwa amekonda, na buibui lake lilimpwaya. "Sisi tutanyoosha maneno," alisema. "Hiyo chupa ya chai tumeshaitoa. Na kuongea, tutaongea anavyotaka. Nina watu kule juu. Siwezi kuziuza roho zao kwa ajili ya kicheko. Mhandisi atufundishe tu."

Aligeuka kumtazama Kalunde, kwa heshima kabisa. Kalunde angependelea kofi.

*

Kwa hiyo alikwenda kuwafundisha. Vyerehani vilizimwa, mafundi wakasimama mistari miwili mbele ya kisemeo kama wanafunzi kwenye paredi. Fundi Jongo aliletewa kiti. Kalunde alishika kioo kidogo kilichoonyesha uzito wa neno lao, akawapa sentensi.

"Ghorofa ya nne hapa. Joto limezidi. Tunaomba hewa."

"Ghorofa ya nne hapa," walisema kwa pamoja. "Joto limezidi. Tunaomba hewa."

Namba ilipanda. Tisa kwa mia. Mmoja mmoja sasa. Dada mmoja wa vifungo alisema "tunaungua," na namba ikasita, na wenzake wakamgeukia kwa hofu. Alirudia akasema "joto limezidi." Kumi na nne. Kijana wa mashati alianza kucheka katikati ya sentensi, bila sababu, kama watu wanavyocheka wakiwa na woga, na Mwanahawa akamfinya mkono mpaka akanyamaza. Ishirini na mbili. Kalunde aliwasifu. Wanafanya vizuri, alisema, wakiendelea hivi hawatafungiwa tena, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Ilipofika zamu ya Mwanahawa alisogea mbele, akanyoosha khanga yake, akaunganisha viganja kama mtu anayekwenda kuapishwa. Kalunde hakuvumilia. Aliinama karibu na sikio lake.

"Mtani," alinong'ona, "tangu lini Mzaramo akasimama wima bila kupigiwa ngoma?"

Uso wa Mwanahawa ulibadilika. Mashavu yalitetemeka, kicheko kilimpanda kifuani, Kalunde akakiona kabisa kinakuja. Lakini kabla hakijatoka, mama yule alikizuia kwa kiganja. Kisha kwa kiganja kile kile, kikiwa bado kina joto la pumzi yake, akauziba mdomo wa Kalunde.

"Usinichekeshe, Mhandisi," alisema polepole. Macho yalikuwa kwenye kisemeo, na yalikuwa yamejaa machozi. "Anasikia."

Akaondoa mkono, akageukia ukuta, akaianza sentensi yake tangu mwanzo. Aliisema taratibu, neno kwa neno, na namba ikapanda.